Malkia wa Mansura, Sehemu ya Tisa: Sauti Nyuma ya Shashi

"Njoo, ewe Haythamu! Njoo upokee hukumu yako!"

Mara ya tatu hiyo. Na mara ya tatu hakuna aliyeingia.

Ndipo tulipomwacha Wasila, msomaji, Ijumaa ile alasiri mjini Mansura: peke yake jukwaani, taji kichwani, upanga mkononi, na ukumbi mzima ukimkodolea macho. Yeye ni Malkia Lubaba. Wakati huo mwanamfalme Haythamu alitakiwa atokee mlango wa kulia, apige magoti na kuomba msamaha. Lakini Rashad Anis, nyota wa kundi, ambaye ndiye Haythamu mwenyewe, alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma, deraya mwilini na wanja machoni. Akaenda zake kuwa bwana mkubwa wa kundi jipya ng'ambo ya barabara.

Wasila alikuwa hajui. Alichokiona ni mlango, na mlango haukuonyesha dalili ya kuzaa mtu.

"Labda kalala!" sauti ikatoka ghorofa ya juu, kule kwenye viti vya bei rahisi.

"Mpigieni kelele aamke!"

"Malkia, mimi nipo! Sina mke!"

"Muongo huyo! Mkewe ni dada yangu!"

Ghorofa nzima ikaangua kicheko. Maganda ya mbegu za maboga yakawanyeshea mabwana wa tarbushi waliokaa chini.

Mbele ya jukwaa, kwenye kitundu cha mnong'onezaji, mtu wa kuwakumbusha waigizaji maneno, vioo viwili vya miwani vilimeta. Alikuwa Munir Efendi, mwalimu wa Kiarabu na mtunzi wa mchezo wenyewe. Alikuwa ameingia kitunduni mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine na sarufi yake.

"Zimia," Munir Efendi akanong'ona.

"Nini?" Wasila alijibu kwa pembe ya mdomo.

"Anguka! Zimia! Malkia huzimia, vitabuni wamejaa tele!"

Wasila akatupa jicho kushoto. Nyuma ya pazia la pembeni alisimama Ustadhi Labib Sarkis, mwenye kundi, Mshami mzee wa Damasko mwenye nyusi nyeupe kama pamba. Alikuwa amekamata kamba ya pazia kuu kwa mikono miwili. Akauliza kwa macho: Nishushe?

Wasila akatikisa kichwa. Hapana!

Maana pale juu kulia, kwenye roshani ya heshima, alikaa Hasib Bey, mwenye jumba. Na kule ukumbini, karibu na mlango wa kuingilia, kulikuwa na masanduku matatu ya mbao kutoka Iskandaria. Ndani yake mlikuwa na mashine ya sinema.

"Nataka mchezo mmoja tu uanze na uishe," Bey alikuwa amewaambia asubuhi ile. "Pazia likianguka katikati, kesho natundika kitambaa cha sinema. Sinema haisahau maneno, haigombani, na haitoroki."

Sasa Bey alikuwa ameinama mbele, kidevu juu ya mkono, akitazama pazia. Si Malkia. Pazia.

Wasila akavuta pumzi. Kisha akafanya jambo ambalo Malkia Lubaba hakuandikiwa kulifanya. Akapiga hatua hadi ukingoni mwa jukwaa, akainua upanga, akauelekeza ghorofa ya juu.

"Ewe uliye juu!" akanguruma kwa Kiarabu kile fasaha, cha mimbari na mashairi. "Ewe utafunaye mbegu kama panya ghalani! Wewe usiye na mke, na ambaye shemejiyo amekukana mbele ya halaiki! Nena! Je, umemwona Haythamu?"

Watu wakatazamana. Malkia anasema na watu?

Halafu jumba likalipuka. Watu walipiga miguu sakafuni mpaka taa zikacheza. Yule mjinga wa juu alisimama, akavua kofia, akainama kama waziri.

"Sijamwona, Malkia! Ila nikimwona nitamleta kwa masikio!"

"Mimi nimemwona!" mtu mwingine akadakia kutoka mlangoni. Alikuwa amechelewa, ndiyo kwanza anaingia, kanzu yake imelowa manyunyu. "Wallahi nimemwona sasa hivi! Yuko ng'ambo ya barabara kwa muuza viazi. Amesimama na deraya yake, anakula kiazi kitamu cha kuchoma!"

Wasila akaelewa. Basi ni hivyo. Rashad! Juzi tu mwanamume yule alikula kiapo mbele yake kwamba hatoki kundini mpaka kaburini.

Lakini uso wa Malkia haukutikisika.

"Sikieni, watu wangu!" akasema. "Haythamu amekwenda kwa adui. Na adui amemnunua kwa kiazi!"

Hapo hata mabwana wa chini, wale wanaocheka kwa kukohoa, walicheka kwa kucheka.

Sawa. Lakini mzaha mmoja haumalizi mchezo, na sehemu nzima ya mwisho ilimhitaji Haythamu. Nyuma ya pazia Ustadhi Labib aliliona hilo upesi. Akageuka, akamkamata mtu wa kwanza aliyekuwa karibu. Naye alikuwa Fustuki.

Fustuki, kwa wasiomjua, ndiye mchekeshaji wa kundi. Kazi yake ni kile kichekesho cha mwisho, baada ya wafalme wote kufa na watu kufuta machozi. Alikuwa amekwisha kuvaa: kofia ya mpishi, mto tumboni, mwiko mkononi.

"Ingia," Labib akamwambia.

"Niingie wapi? Ustadhi, mimi ni wa baadaye!"

"Baadaye imefika." Akamsukuma.

Fustuki alitokea jukwaani kwa tumbo kwanza. Akasimama, akawatazama watu, akautazama upanga, kisha akaanza kwa Kiarabu cha mtaani, kile cha kuulizia bei ya kitunguu.

"Salaam aleikum, Malkia. Niwie radhi kuingia na mwiko. Nimeomba upanga, wakaniambia upo mmoja tu nyumba nzima, nao unao wewe."

Kutoka kitunduni ilisikika sauti ya mtu anayekata roho.

"Mwiko," Munir Efendi alisema. "Mwiko ndani ya mchezo wangu. Wabillahi, najiuzulu."

"Nena, ewe mjumbe," Wasila akaendelea, ufasaha wake haujakunjika hata kidogo. "Majeshi ya Haythamu yako wapi?"

"Majeshi? Malkia wangu, jeshi lililobaki ni mimi na punda. Na punda bado anafikiria."

Kicheko. Fustuki akafungua mdomo aongeze, akakuta hana kitu. Macho yakamtoka. Akili yake ilikuwa nyeupe kama sahani. Kicheko kikaanza kufifia, na Bey akaanza tena kutazama pazia.

Ndipo kutoka kitunduni, kwa sauti ndogo ya aibu, likapanda neno:

"Punda anataka uwaziri."

Fustuki akasikia, akalidaka. "Anasema bila uwaziri haendi vitani!"

Jumba likaanguka kwa kicheko. Munir Efendi akajipiga kofi mdomoni. Hakuamini kilichomtoka. Miaka saba alikuwa amewafundisha vijana wa sekondari kwamba Kiarabu cha mtaani ni kutu juu ya dhahabu. Akasubiri mbingu imwangukie. Haikuanguka. Akapanguza miwani, akakiweka kitabu chake chini ya makalio, akainua shingo.

"Mwambie," akanong'ona, "mawaziri waliopo nao walianza hivyohivyo."

Tangu hapo hapakuwa na wa kumzuia tena Munir Efendi. Alitunga papo kwa papo, mstari kwa Malkia, mstari kwa mpishi, fasaha huku na mtaani kule, mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashika mbavu na wa chini wakasahau kukohoa.

Lakini Wasila alijua kicheko peke yake hakitamfikisha. Mchezo ulikuwa wa huzuni. Watu walikuja kumlilia Malkia, na asiyelia harudi kesho. Akampa Fustuki ishara akae chini. Akavua taji, akaliweka sakafuni, akaimba.

*Nimekaa dirishani, nyumba ina taa moja,*
*Aliyetoka zamani, moyo bado wamngoja.*

Mbegu zilinyamaza. Mzee mmoja wa mbele alifumba macho, akaita, "Allah! Rudia, binti yangu, rudia!"

Akarudia. Wakaita tena, "Allaaah!" Akarudia, safari hii taratibu, akiivuta ile *zamani* mpaka ikakaribia kukatika.

"Wasila!"

Wasila akauacha wimbo katikati.

Si Nurhan. Kwenye matangazo yote yaliyobandikwa kutani jina lake lilikuwa Nurhan. Hakuna mtu Mansura aliyemwita Wasila nje ya kundi.

"Wasila, binti Abduh seremala!"

Sauti ilitoka kushoto juu, kwenye roshani za wanawake, nyuma ya pazia jembamba la shashi. Wasila aliijua sauti ile kabla hajaanza kuijua dunia.

"Hiyo ndiyo cherehani?"

Mama! Mama aliyeko Dumyat, nyumbani, na kuku wake! Mama aliyeamini kwamba binti yake anashona nguo Kairo, kwenye duka la bibi mmoja wa Kigiriki, mcha Mungu, mkali, asiyeruhusu wageni wa kiume!

"Ehee!" mtu akasema ghorofani, amefurahi. "Kumbe na mama mtu yumo!"

Fustuki akajisogeza. "Nani huyo?"

"Mama."

"Mama wa Malkia? Mbona sikuambiwa?"

"Mama yangu, Fustuki. Mama aliyenizaa!"

Rangi ikamtoka mchekeshaji chini ya unga wote aliojipaka. Polepole alivua kofia ya mpishi, akainamia roshani.

"Shikamoo, Mama Malkia."

Watu wakacheka. Roshani haikucheka.

"Ewe uliyenizaa," Wasila akaanza kwa ile sauti ya juu, kwa maana hakuwa na nyingine iliyo karibu, "ewe chimbuko la..."

"Zungumza na mimi kwa lugha tuliyofugia kuku! Sikuja hapa kusomewa kitabu!"

Wasila akashusha upanga. Ncha ikagusa mbao.

"Mama," Wasila alisema kwa Kiarabu cha Dumyat, cha jikoni. "Nimekudanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Rinda lile la bluu la Idi sikulishona. Nililinunua."

"Nilijua! Mshono ule si wa mkono wako. Wewe hata kifungo hukijui!"

Wanawake wa roshani za jirani wakacheka nyuma ya mapazia yao. Wasila alisubiri. Alitaka sana kutazama mlango wa kutokea, akajizuia.

"Mbona hukuniambia, Wasila?"

"Ungenifungia mlango."

"Ningeufunga. Na komeo ningetia."

"Basi ndiyo sababu, mama. Nilitaka vyote viwili. Nilitaka kusimama hapa niliposimama, na nilitaka nikija nyumbani nikute umenibakizia chai. Nikaona nikisema kweli nitabaki na kimoja. Nikaogopa. Sina la kujitetea zaidi ya hilo."

Mzee yule wa mbele alipenga kamasi kwa kishindo, akaomba radhi pande zote.

Shashi ikatikisika. Ilipokuja, sauti ya mama ilikuwa imeshuka, lakini jumba zima liliisikia, kila herufi.

"Baba yako, Mungu amrehemu, Ramadhani nzima alikuwa haishi kwenda kutazama vikaragosi vya vivuli. Akirudi anawaiga wote. Mlevi, kadhi, mke wa kadhi. Mimi nacheka na mto mdomoni, majirani wasisikie. Tangu alipokufa, nyumba ile haina sauti ila yangu. Na wewe sauti zote hizo unazo, ukazileta kwa watu wa Mansura!"

"Mama, nishuke?"

"Ushuke uende wapi? Watu wamekaa! Binti wa seremala hauzi kiti cha miguu mitatu. Maliza kazi yako. Kisha upande huku juu, nina mkono unaniwasha."

Nani angejua, msomaji, kwamba hayo hayakuandikwa? Watu walisimama. Walipiga makofi wakielekea roshani, kisha wakageukia jukwaa, kisha roshani tena. Wasila akaokota taji, akalivaa upande. Munir Efendi alikuwa analia, miwani imejaa ukungu, hawezi kumnong'oneza hata bismillahi. Haikudhuru. Maneno ya mwisho aliyajua.

*Upanga nauinua, si kwa woga si kwa hofu,*
*Aliyekwenda najua, hakunipunguza safu!*

Ustadhi Labib akaachia kamba. Pazia likashuka mahali pake, kwa wakati wake.

Nyuma ya jukwaa kila mtu alimkumbatia mwenzake. Fustuki alimbusu Munir Efendi kipara. Munir Efendi akamwambia, "Yule punda, kesho tumpe mke," kisha akaona haya, akajifanya anatafuta kalamu.

Wasila alikuwa tayari ameshika kishikio cha ngazi ya kupandia roshani, pale Hasib Bey alipoingia, uso umemwiva kwa furaha.

"Labib! Masanduku yale nayarudisha Iskandaria kwa gari moshi la kesho. Jumba ni lenu mpaka majira ya baridi yaishe!"

"Mungu akuzidishie, Bey."

"Kwa sharti moja. Yule mwanamke wa juu."

"Mwanamke yupi, Bey?"

"Usinifiche! Yule mliyemweka nyuma ya shashi, anayejifanya mama. Mmemtoa wapi? Nimetazama michezo Kairo, nimetazama Paris, sijasikia mtu akisema uongo kwa ukweli namna ile. Namtaka kila siku, palepale. Bila yeye, hakuna jumba."

Wasila akafungua mdomo. Kiatu cha Ustadhi Labib kikatua juu ya vidole vyake.

"Bila shaka, Bey," Labib alisema bila kupepesa. "Tumemfundisha miezi mingi."

"Ustadhi!" Wasila akanong'ona. "Mama yangu ana kuku!"

Lakini Bey hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ametazama juu, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Sauti ile," akasema. "Nimepata kuisikia mahali. Ngoja nipande nikampongeze mwenyewe."

"Mwache kwanza apumue!" Labib akasema haraka, haraka kupita kiasi. "Mpelekee maua, Bey. Wanawake wa jukwaani huenziwa kwa maua."

Bey akakubali, akatoka kutafuta maua. Wasila alimtazama mzee wake. Mshami yule alikuwa ameona moto ukila mapazia, ameona watu wakimrushia viatu. Aliletwa Misri akiwa kijana wa kubeba masanduku, mwaka wakubwa wa Damasko walipolifunga jumba la michezo la kwao. Wasila hakuwahi kumwona akiogopa. Sasa alivua tarbushi, akaivaa, akaivua tena.

Hakuwa na nafasi ya kuuliza. Akapanda ngazi mbilimbili, rinda la kimalkia amelikusanya kiunoni.

Hajati Bahiya, mama yake, alikaa wima kwenye kiti, baibui jeusi, kisanduku cha halua ya Dumyat mapajani. Alikuwa peke yake. Wanawake wengine walikwisha kushuka. Alimtazama binti yake kutoka taji hadi viatu.

Akamchapa kofi.

Kisha, mkono uleule, akatoa leso, akaitia mate, akaanza kumfuta uso kama mtoto wa miaka minne.

"Wanja umekushukia mpaka shingoni. Hawana maji hapa? Umekonda. Wanakupa nini kula?"

"Maharage, mama."

"Maharage! Malkia!" Akafungua kisanduku, akamtia kipande cha halua mdomoni. Wasila akala, akilia, na mama akaendelea kumfuta, naye macho yake hayakuwa makavu.

"Sijakusamehe," mama alisema.

"Najua."

"Ujue hivyo. Tafuna."

Wasila akatafuna. Kisha likamjia swali ambalo lilipaswa kumjia mapema. "Mama, nani alikuleta?"

"Si wewe? Jirani yetu mwenye duka kaniletea tikiti. Kasema imeachwa na bwana mmoja, ujumbe wake mfupi: njoo uone kazi ya binti yako. Nikadhani ni maonyesho ya nguo."

"Bwana gani?"

"Nimjuaje? Mzee, kasema. Lafudhi ya Sham. Nyusi nyeupe kama pamba."

Wasila akaacha kutafuna. Ubao wa sakafu ukalia nyuma yake. Akageuka.

Ustadhi Labib alisimama mlangoni, tarbushi kifuani. Hakumtazama Wasila. Alimtazama Hajati Bahiya, naye Hajati Bahiya alikuwa ameacha kufuta, leso imebaki hewani.

"Mwaka mzima," Labib alisema polepole, "namtazama binti huyu anavyoinua mkono kabla ya kusema. Nikajiambia, Labib, umezeeka, unaanza kuona maiti. Nikavumilia. Mwisho sikuweza. Ikanibidi nijue."

"Ujue nini, Ustadhi?" Wasila akauliza.

Mzee hakumjibu. Akanyoosha mgongo, na kwa ile sauti yake ya ujana, ambayo Wasila hakuwahi kuisikia, akasema:

*"Usiku na uulize, nimekesha kwa sababu..."*

Akakatiza nusu, kama mtu aliyeweka mguu kwenye daraja na anasubiri kuona kama litamchukua.

Wasila alimgeukia mama yake. Mama wa kuku. Mama aliyekataa kusomewa kitabu mbele ya Mansura nzima. Midomo ya Hajati Bahiya ilifumbuka, na kikatoka Kiarabu fasaha, kila herufi mahali pake, kila pumzi na kipimo chake, sauti ya mtu aliyefundishwa kuufikia ukumbi mzima bila kuinua kidevu:

*"...Nyota nazo zinyamaze, niupe mimi jawabu."*

Mkono wake, kabla ya neno la kwanza, ulikuwa umeinuka.

"Karibu miaka thelathini," Labib alisema, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, "kila mwaka nakuwashia mshumaa wa marehemu."

"Mama?" Wasila alisema. "Mama, wewe ulikuwa..."

"Funga mlango," mama alisema.

Hapakuwa na muda. Viatu vilipanda ngazi, vizito, vya mtu mwenye furaha, na Hasib Bey akajaa mlangoni na shada la maua meupe.

"Yuko wapi huyo bibi aliye..."

Akamwona. Hajati Bahiya alikuwa bado hajashusha ukaya wake usoni.

Maua yakadondoka. Bey alirudi nyuma, bega lake likagonga mwimo wa mlango. Jina lililomtoka halikuwa Bahiya, wala jina lolote ambalo Wasila alipata kulisikia kwao.

"Najma?"

Hajati Bahiya alikunja leso yake mara mbili. Akashusha ukaya, taratibu.

"Wasila, mwanangu," alisema. "Mwambie huyo bwana kwamba Najma alikufa. Wala hana haja ya kushangaa. Yeye ndiye aliyelibeba jeneza lake."